Mkia wa Neno: Kisa cha Kilatini katika Darasa la Tano, Jinja

Mara ya kwanza nilipowasikia nilidhani wanaimba wimbo wa kuruka kamba. Nilikuwa ofisini nasahihisha insha, na kutoka chini ya mwembe zikaja sauti: amo, amas, amat, amamus, amatis, amant. Nilipotoka nikawakuta watoto 31 wa darasa la nne na la tano, na mbele yao mwalimu mwenzangu wa sayansi, mtu aliyesoma seminari miaka minne kabla ya kugundua kwamba wito wake uko kwingine.

Naandika kisa hiki kwa sababu walimu watatu wa shule nyingine wameniuliza kilivyokwenda, na kila mmoja nilimpa kipande tu. Shule sitaitaja. Ipo Jinja, si mbali na kambi ya jeshi, na hilo la kambi lina uzito mkubwa katika habari hii. Nusu ya watoto wetu wanatoka kambini, ambako Kiswahili ndicho kinachowaamsha, kinachopanga foleni ya maji na kinachowagombeza usiku. Waliobaki ni wa mjini: Lusoga na Luganda kwa wingi, Kiteso, Kiacholi, na familia chache za Wanubi.

Kilatini hakimo kwenye mtaala wa shule za msingi za Uganda. Kilianza kama klabu, saa moja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa sharti moja la mwalimu mkuu: darasa la saba lisiguswe, maana hao wana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Chanzo chake kilikuwa sweta. Mtoto wa darasa la tano alikuja na sweta kuukuu la kaka yake aliyesoma Namilyango, likiwa na maneno NISI DOMINUS kifuani. Akamuuliza mwalimu wa sayansi maana yake. "Bwana asipo…" mwalimu akajibu, akanyamaza. Mtoto akangoja. "Asipo nini, Mwalimu?" Hapo ndipo ilipobidi kueleza kwamba kaulimbiu ya chuo kile kikongwe, kilichoanzishwa mwaka 1902, ni maneno mawili ya mwanzo wa zaburi, na kwamba mwenye kuvaa sweta ndiye anayetarajiwa kumalizia: Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure. Wiki ile ile watoto wakaanza kuleta maneno kama wanaoleta wadudu kwenye chupa. Dada wa mmoja ana rafiki Kisubi: DUC IN ALTUM, ambayo Biblia ya Kiswahili inasema "tweka mpaka kilindini", na watoto wa wavuvi hawakuhitaji ufafanuzi zaidi. Mwingine akaleta ya Makerere, Pro futuro aedificamus, tunajenga kwa ajili ya wakati ujao. Wa Budo walituangusha: kaulimbiu yao, Gakyali Mabaga, ni Luganda kitupu.

Hivyo hamu ilikuwepo. Muhula wa kwanza ulipoisha, wamebaki 11.

Mwenzangu alikuwa na kitabu kimoja cha kiada tangu seminari, kilichochapwa Uingereza kwa watoto wa Kiingereza. Alikitafsiri ubaoni sentensi baada ya sentensi. Kila neno la Kilatini lilipaswa kuvuka mito miwili: kwanza liende kwenye Kiingereza, lugha ya ubao na ya mitihani, kisha ndipo lifike kichwani kwa mtoto. Mengine yalizama njiani. Nilikusanya madaftari yao nikayasoma usiku mmoja. Kulikuwa na kurasa nzima za watoto wanaotafuta ni herufi zipi za puella, msichana, zinazobeba ile "the" ya Kiingereza, wakati Kilatini hakina kitu hicho, na lugha zao hazina pia. Mmoja aliandika amabitur, akapiga mstari chini ya kila kipande, akajaribu kugawa maneno manne ya Kiingereza juu yake kama mtu anayegawa mkate mdogo kwa wageni wengi. Kwa Kiswahili ni neno moja kwa neno moja: atapendwa.

Mwenzangu alinijia na lile daftari. "Mwalimu, hebu nisaidie. Wewe ni mtu wa sarufi." Kilatini changu kilikuwa kile cha kanisani, Tantum ergo na mengineyo ambayo babu yangu aliyaimba kwa machozi bila kujua maana ya neno hata moja. Lakini nilikaa na jedwali la vitenzi jioni moja, na karibu na saa tatu usiku nikacheka peke yangu.

Tazama tutapenda. Tu ni nani, ta ni lini, penda ni nini. Sasa tazama amabimus. Ama ni nini, bi ni lini, mus ni nani. Vipande ni vilevile vitatu. Vimepangwa tu kuanzia mwisho, kama basi lililogeuza likarudi kinyumenyume.

Ijumaa iliyofuata niliandika maneno hayo mawili ubaoni, moja juu ya jingine, nikachora mistari ya kuyaunganisha. Mistari ikapishana katikati kama nyuzi za ukili. Sikusema kitu. Binti mmoja wa kambini, ambaye muhula mzima alikuwa amekaa nyuma akichonga penseli, akasema, "Kumbe Kilatini kimevaa kichwa mkiani." Kuanzia siku ile hatukusema tena "viambishi tamati" wala "miishilio". Tulisema mkia. Mkia wa neno.

Mambo mengi yalifuata kwa urahisi ambao sikuutarajia. Kauli ya kutendwa, inayowatesa wanafunzi wa Kilatini kwingineko, kwetu ilikuwa kazi ya dakika kumi: kama Kiswahili kinavyoongeza w ndogo, anapenda na anapendwa, Kilatini kinaongeza ur mkiani, amat na amatur. Halafu ile ni ya mahali. Watoto wanasema mezani, mtoni, nyumbani bila kufikiri, na Kilatini kina masalia ya umbo la namna hiyo: domi ni nyumbani, Romae ni kule Roma. Na meza yenyewe walipoijua asili yake walishangilia. Mensa ya Warumi ilizaa mesa ya Wareno, Wareno wakaileta pwani ikawa meza, ikapanda bara ikawa emmeeza ya Luganda. Mtoto mmoja alienda akaipapasa meza ya mwalimu kama mtu anayemtazama mgeni aliyetoka mbali.

Matamshi nayo yalikuwa mtaji. Irabu za Kilatini ni tano, a e i o u, zinasomwa kama zetu. Kilatini pia hutofautisha irabu fupi na ndefu, jambo ambalo mtoto wa Kiingereza huambiwa alikariri na mtoto wa Luganda hulisikia. Kwa Luganda okusiba ni kufunga kamba, okusiiba ni kufunga chakula. (Kiswahili chetu kimeyaweka yote mawili ndani ya "kufunga" moja na kuacha muktadha uhangaike.) Vivyo hivyo malum yenye a fupi ni uovu, yenye a ndefu ni tofaa. Venit yenye e fupi ni anakuja, yenye e ndefu ni amekuja. Watoto wa Kisoga na Kiganda waliipata mara moja. Wa kambini walibaki nyuma, kwa sababu Kiswahili hakina urefu wa namna hiyo, na mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho iwe mvua iwe jua.

Hapa inabidi niungame kosa langu, maana ndilo lililonifunza zaidi.

Nilidhani upatanisho wa Kilatini ungekuwa mteremko. Mensa bona, hortus bonus, bellum magnum (meza nzuri, bustani nzuri, vita kubwa): kivumishi kinafuata nomino yake, jambo ambalo kila Mbantu hulinyonya na maziwa. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Nikaandika hivyo ubaoni kwa kujiamini. Nikaomba mifano. Mtoto wa sajini akasimama: "Kitabu yangu." Mwingine: "Viatu yangu mzuri." Mwingine tena: "Mti ile kubwa."

Kiswahili cha kambi, na cha Uganda kwa jumla, kimepunguza ngeli. Kimepita jeshini, polisi, sokoni, kwa watu wa makabila mengi waliohitaji kuelewana haraka, na katika haraka hiyo y imemeza karibu kila kitu. Nilikuwa nimejenga daraja juu ya nguzo ambayo wanafunzi wangu hawakuwa nayo. Nilijua hayo, bila shaka, ndiyo kazi yangu. Nasahihisha "kitabu yangu" kila siku ya Mungu. Lakini nilikuwa sijawahi kuona kwamba kosa lile si uvivu, ni sarufi nyingine kamili yenye kanuni zake.

Kilichotuokoa ni lugha za nyumbani. Mtoto yule yule anayesema "kitabu yangu" kambini, kama mama yake ni Mganda, husema ekitabo kyange bila kukosea, na ebitabo byange. Nikabadilisha mpango. Kila upatanisho tuliuandika safu tatu: lugha ya nyumbani, Kiswahili sanifu, Kilatini. Na hapo ukatokea muujiza mdogo ambao ndio sababu hasa ya mimi kuendelea na klabu hii: wakilinganisha ili waelewe bona na bonus, watoto wakaanza kurekebisha Kiswahili chao wenyewe. Kwa miaka nilikuwa nimewaambia "changu, si yangu" na maneno yakapita kama maji juu ya jani la gimbi. Sasa walikuwa na sababu. Kilatini kiliwaonyesha kwamba kufuatana kwa maneno ni mchezo wenye kanuni, na watoto wanapenda kumkamata anayevunja kanuni. Kufikia Agosti walikuwa wakinikamata mimi.

Ngeli ilitusaidia pia pale ambapo vitabu huwa na taabu. Agricola, mkulima, lina mkia wa a kama mensa, lakini ni mwanaume, kwa hiyo agricola bonus na siyo bona. Kwa nini? Niliwauliza: mnasema "kiongozi kizuri"? Hata wa kambini wakaguna. Kiongozi mzuri, kipofu mmoja, kifaru mkubwa. Vazi ni la ki, mwili ni wa mtu au mnyama, na kivumishi kinaangalia mwili. Basi agricola ni kiongozi. Hatukurudia somo hilo tena.

Jinsia tatu za Kilatini, ya kiume, ya kike na isiyo ya huku wala kule, zilikuwa ngumu kwa wote isipokuwa mmoja. Lugha za Kibantu hazina jinsia ya namna hiyo. Msichana wa Kiteso, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, aliinua mkono akasema kwao ipo. Ekile ni mwanaume, aberu ni mwanamke, ikoku ni mtoto: e ya kiume, a ya kike, i ya tatu. Darasa likageuka kumtazama. Alikuwa amekaa juu ya hazina muhula mzima na hakuna aliyemuuliza, mimi wa kwanza. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa jinsia, na neno jipya lilipotokea watoto walimgeukia kabla ya kumgeukia mwalimu.

Mvulana wa Kiacholi hakuwa na bahati hiyo. Lugha yake haina ngeli, Kiswahili chake ni cha kambi, na safu yangu ya kwanza kwake ilikuwa tupu. Wiki tatu alinakili ya jirani. Baadaye mwenzangu alimpa njia nyingine, ya majina ya samaki, nitakayoieleza, lakini zile wiki tatu zilipotea na najua ni nani aliyezipoteza.

Na usidhani kila kitu kilikubali. Mkia wa mtendwa ulitutoa jasho. Puella puerum videt, msichana anamwona mvulana: puer amegeuka puerum kwa sababu ndiye anayeonwa. Kwetu anayeonwa hutiwa ndani ya kitenzi, ile mw ya anamwona, na nomino yenyewe inakaa kama ilivyozaliwa. Watoto, kwa mantiki safi kabisa, wakaandika puella puerum eum videt, wakitafuta mahali pa kuiweka mw yao. Wengine waliunda wingi wa puella kuwa "wapuella". Nilitamani kuyaacha makosa haya yaishi. Tuliyasahihisha, polepole, na mpaka leo ndiyo sehemu dhaifu ya klabu.

Njia ya samaki ilitoka kwa mwenzangu, na hapa sayansi yake ilimlipa. Majina ya kisayansi ya viumbe ni Kilatini au yamevishwa Kilatini, nayo yanafuata upatanisho. Sangara, ambaye hapa tunamwita mputa, ni Lates niloticus. Ngege ni Oreochromis niloticus. Niloticus maana yake wa Nili, mkia wa kiume. Kahawa ni Coffea, mkia wa a, kwa hiyo arabica, kwa hiyo robusta, ile yenye nguvu, ambayo babu zetu waliitafuna kabla mtu yeyote hajaipa jina la Kilatini. Mvulana wa Kiacholi, ambaye mjomba wake anauza samaki Masese, aliupata upatanisho kwa mputa na kahawa ndani ya Ijumaa mbili. Kisha akaleta swali: korongo wetu wa kwenye bendera ni Balearica regulorum, mbona mkia huu haufanani na yote mliyotufundisha? Regulorum ni wingi, na ni umiliki: "wa wafalme wadogo". Korongo wa wafalme wadogo. Tulilazimika kuanza somo la umiliki wiki mbili kabla ya wakati.

Samaki hao hao walinyamazisha malalamiko ya kwanza ya wazazi. Afande mmoja aliinuka kwenye kikao cha wazazi akauliza swali la haki: Kilatini kitampa mtoto agrigeti, yaani alama za PLE, ngapi? Jibu la kweli ni sifuri. PLE ina Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, basi. Mwenzangu alisema sifuri hiyo waziwazi, kisha akaonyesha daftari la sayansi la mtoto wa afande mwenyewe. Mzee akalitazama, akakaa. Wengine wawili waliwatoa watoto wao hata hivyo, na sikuwalaumu. Ada wanalipa wao. Kuna aliyeuliza kwa nini tusiongeze Kiswahili badala yake, hasa baada ya baraza la mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilimwambia ndicho ninachofanya, ila naingilia mlango wa nyuma. Hakuridhika.

Malalamiko ya pili yalikuwa mazito zaidi. Mama mmoja wa Kinubi, Mwislamu, alikuja shuleni asubuhi, amejitanda vizuri, akaomba kuonana nami na siyo mwenzangu. "Mwalimu, mwanangu anaimba Kilatini jikoni. Hii ni misa?" Hofu yake ina mizizi. Kilatini kiliingia Uganda mikononi mwa mapadri. White Fathers walifika mwaka 1879. Seminari ya Bukalasa ikaanza 1893, Katigondo 1911. Mapadri wa kwanza wenyeji, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipadirishwa 1913 baada ya miaka mingi ya kusoma kwa Kilatini. Kwa Mganda wa kawaida, lugha hii ina harufu ya ubani.

Nilimwonyesha orodha yetu ya maneno yaliyosafiri. Sapo ya Kilatini ndiyo iliyokuwa sabun ya Kiarabu, ikawa sabuni. Denarius ikawa dinari. Castrum, ngome, ikapita Kiarabuni ikawa kasri. Kinubi chao kimetokana na Kiarabu, kwa hiyo sabuni aliijua kabla sijamaliza. Akacheka kidogo.

Kulikuwa na neno jingine kwenye orodha ambalo nililifunika kwa kiganja. Strata ya Warumi, barabara iliyotandazwa mawe, ndiyo wanaisimu wanayoitaja kuwa asili ya sirati. Mwanawe anaisoma Alfatiha kila siku na neno hilo limo. Sikuona kwamba ofisi ya walimu, saa mbili asubuhi, mbele ya mama aliyekuja na wasiwasi, ni mahali pa kusema jambo hilo. Mwenzangu alinilaumu baadaye, akasema elimu haifunikwi kwa kiganja. Tumekubaliana kutokubaliana. Mtoto aliendelea kuja, kwa ahadi yetu kwamba hakuna wimbo wa kanisa utakaoimbwa siku ya klabu, na ahadi hiyo tumeitimiza ingawa babu yangu asingeifurahia.

Sasa ulimwengu wa Warumi wenyewe. Niliogopa kwamba watoto wangeuona kama habari za Wazungu wengine. Swali hilo lilikuja wiki ya pili: Warumi walikuwa Wazungu? Mwenzangu aliwaambia kwanza kwamba jina Afrika lilikuwa la jimbo la Kirumi, kule Tunisia ya leo na jirani zake, kabla halijawa la bara zima. Kisha akawasimulia Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna nchini Libya, kaisari kutoka 193 hadi 211, baba yake wa ukoo wa Kipuni, watu wa Karthago ya kale, na mama yake wa ukoo wa Kiitaliano, aliyekwenda vitani Uingereza na kufia mji unaoitwa York siku hizi. Kwamba mtu wa kutoka bara letu aliwahi kuitawala Uingereza liliwapendeza kuliko vita vyote vya Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma.

Shule za Kirumi zilikuwa somo tamu kupita yote, maana watoto ni wataalamu wa shule. Kibao cha nta na kijiti cha kuandikia badala ya daftari. Mtumwa wa kumsindikiza mtoto asubuhi. Na fimbo: Horatius, mshairi, alimkumbuka mwalimu wake Orbilius kwa neno moja, plagosus, mwenye viboko vingi. Neno hilo lilivuka uwanja kwa kasi ya moto wa nyasi. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Hata hivyo kila shule ina mwalimu ambaye mkono wake haujasoma sheria, na wetu akaanza kuitwa Plagosus. Aliniuliza maana yake. Nikamjibu kwamba ni sifa ya mwalimu maarufu sana wa Roma, jambo ambalo ni kweli.

Kwa watoto wakubwa kidogo mwenzangu aliongeza Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Alikumbuka kwamba Kilatini alikipata utotoni kwa vicheko na mabembelezo ya walezi wake, lakini Kigiriki alikichukia kwa sababu kililetwa na vitisho. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma nikisahihisha niliinua kichwa. Ni Mwafrika wa miaka 1600 iliyopita, na tayari anazungumzia madarasa yetu.

Kuhusu utumwa, kitabu kile cha Kiingereza kina picha ya mtumwa amebeba mtungi wa divai, anatabasamu. Mtoto mmoja aliuliza kama analipwa. Hapana. Akafikiri. "Krismasi anaenda kwao?" Mwenzangu akasema hapana, hana kwao tena. Darasa lilikaa kimya, na picha ile hatukuifungua tena; badala yake tulisoma habari za Terentius, aliyeitwa Afer, Mwafrika, aliyefika Roma akiwa mtumwa akaachwa huru na kuandika michezo ya kuigiza iliyosomwa mashuleni kwa karne nyingi. Sijui kama huo ni usawa. Ilikuwa afadhali ya tabasamu.

Muhula wa tatu tulifika tulikokuwa tukielekea bila kujua, maana shule hii imejengwa umbali wa kutembea kutoka kwenye jambo ambalo Warumi walilitamani wakashindwa. Kuna msemo wa Kilatini, caput Nili quaerere, kutafuta kichwa cha Nili, maana yake kazi isiyowezekana. Mshairi Lucan alimfanya Yulio Kaisari aseme kwamba angekuwa na hakika ya kuziona chemchemi za Nili, angeiacha vita aliyokuwa akipigana. Kaisari Neroni alituma maakida wawili wapande mto. Mwanafalsafa Seneca anasimulia kwamba walifika kwenye kinamasi kisicho na mwisho, majani na maji vimesukana, hata wenyeji hawajui kinaishia wapi, wakarudi. Binti wa kambini, yule wa penseli, akasema baba yake amekiona kinamasi hicho. Alipelekwa Sudan Kusini. "Anasema kinaitwa Sudd, na mbu wake wanauma juu ya buti." Hakuna kitabu cha kiada chenye sentensi hiyo.

Ijumaa ya mwisho tuliteremka ukingoni, watoto 19, mimi na mwenzangu. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1862 hayaonekani tena. Yalizama bwawa la Owen Falls lilipomalizika mwaka 1954, na maji sasa yanatoka ziwani kimya kimya. Watoto walikuwa wamebeba kipande cha boksi na makaa. Upande mmoja wameandika CAPUT NILI. Upande wa pili walikubaliana neno moja la kuwajibu Warumi: INVENIMUS.

Mwenzangu akalisoma kwa sauti, kwa mkazo wa Kiswahili, inveNImus.

"Mwalimu, hapana," akasema mvulana wa Kisoga. "Hiyo ni tunapata. Sisi tumepata. Sema inVEEnimus. E ndefu." Alikuwa sahihi kabisa. Herufi ni zilezile. E ikiwa ndefu ni tumepata, i ikiwa ndefu ni tunapata. Akachukua makaa aweke mstari juu ya E.

Msichana wa Kiteso akamshika mkono. Maji ya ziwa hili yanatoka wapi? Walikuwa wamesoma mto Kagera wiki ile ile kwenye Maarifa ya Jamii, jinsi unavyoyakusanya maji ya Rwanda na Burundi na kuyamwaga Victoria. Kama ni hivyo kichwa hakipo hapa, kipo kule juu, na Mwalimu amesoma vizuri: tunapata, bado tunapata. Mstari uende juu ya I.

Walibishana mpaka mwenye mashua akatuuliza kama kuna mtoto amepotea. Boksi limetundikwa darasani, juu ya kabati la chaki. Halina mstari juu ya herufi yoyote.